58 katika lugha yangu mwenyewe

Matokeo yalitoka Alhamisi usiku, watu walipokuwa wanarudi kutoka msikitini kuswali isha. Nilikuwa dakani, yaani kwenye baraza ya mlangoni, kwetu Lamu. Ndani ya nyumba yetu mtandao haushiki; kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kiasi cha dhiraa, na simu ikiingizwa huko huwa kama imelala. Kila mwenye haja ya intaneti hutoka akaketi barazani na kuikunja miguu ili punda wapite. Ukurasa wa chuo ulikataa kufunguka mara tatu. Mara ya nne nikaona yuniti saba, nambari sita na pengo moja.

Ushairi wa Kiswahili 74. Saikolojia ya Elimu 66. Mbinu za Kufundisha Kiswahili 63. Historia ya Ulaya 60. Fonolojia ya Kiswahili 58. Takwimu za Elimu 51. Historia ya Afrika Mashariki, hapana kitu.

Kwa mdogo wangu aliye sekondari, ambaye najua atasoma haya: chuoni kwetu A huanzia 70, B 60, C 50, D 40. Chini ya 40 unarudia mtihani, na sisi twauita sapu. Katika kila 100, 30 hutokana na majaribio ya darasani na 70 ni za mtihani wa mwisho. Kwa hiyo sina sapu, alhamdulillahi, na wastani wa hizo sita ni 62. Mama aliposikia kwamba sina la kurudia alisema "Mungu ashukuriwe" akarudi jikoni. Kwake hesabu ilikuwa imefungwa.

Baba ndiye aliyeuliza. Yeye ni fundi wa milango, anachonga, na mtu wa kazi ile huangalia kitu mpaka mwisho wake. Alivua kofia, akaketi, akaniuliza, "Ya Kiswahili umepata ngapi?"

"Ziko mbili, baba. Ushairi 74, Fonolojia 58."

"Fonolojia ndiyo nini?"

"Sauti za lugha. Namna tunavyotamka."

"Hamsini na nane kwa mia?"

"Naam."

"Lugha hii hii tunayosema hapa?"

Hakuwa ananigombeza. Alitaka kujua. Nami sikuwa na jibu, na usiku ule nililala nikiligeuza swali lake. Kuna alama za chini nilizowahi kupata nikasema ni bahati mbaya, au maji hayakuwapo hosteli siku hiyo, au nilikuwa mgonjwa. Hii siwezi kuisemea hivyo. Nataka niandike ilivyokuja.

Lazima nianze mbali kidogo. Nilipokuwa darasa la tatu niliandika insha kuhusu bibi yangu, nikaandika kwamba aliniita akasema "Mwanangu, ndoo," yaani njoo. Mwalimu akakizungushia duara kile ndoo na kuandika pembeni: ndoo ya maji? Nikaandika mato, akayakata. Nikaandika mtele, akaukata. Nilijifunza haraka: nyumbani mato, daftarini macho, nyumbani mtele, daftarini mchele. Sikuchukia. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, jambo lililoamuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mtoto wa Lamu, wa Pate au wa Siyu anakwenda shule kujifunza lugha ambayo ni ndugu wa ile aliyonyonya. Ndivyo ilivyo. Lakini miaka kumi na zaidi ya wino mwekundu inaacha kitu ndani ya mtu, hata kama mtu mwenyewe haoni.

Basi juma la tatu la muhula huu, mhadhiri wa Fonolojia akaandika ubaoni: mato, tini, mtele, mtuzi, mtanga, nti. Akaacha nafasi, akaandika mbele yake: macho, chini, mchele, mchuzi, mchanga, nchi. Hakuyakata ya kwanza. Akauliza, "Kuna mtu wa Lamu humu ndani?" Darasa zima, watu wa Bungoma, Kisii, Machakos, Meru, wakanigeukia. Nikasimama, nikayasoma yale maneno kwa sauti. Nilihisi machozi yananilenga, na sitaki kuficha hilo. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya shule kuona neno mtele limeandikwa na mwalimu bila alama ya kosa.

Tangu siku ile nikawa sisomi. Sikukosa kipindi hata kimoja, lakini nilikuwa nakwenda darasani kama mtu anayekwenda kusikia habari za kwao. Niliona somo lote limo kinywani mwangu. Jioni, wenzangu walipokuwa wanaandika kanuni kwenye vikaratasi na kuvibandika ukutani juu ya vitanda, mimi nilikuwa na Takwimu. Takwimu ndiyo niliyoiogopa.

Jaribio la kwanza la Fonolojia lilikuwa na swali: eleza tofauti moja ya sauti kati ya Kiamu (lahaja yetu ya Lamu) na Kiswahili sanifu. Niliandika mstari mmoja kwa hati nzuri: sauti ch ya Kiswahili sanifu huwa t katika Kiamu. Chini yake nikatoa mifano minane. Karatasi iliporudi nilikuwa nimepata 14 kwa 30, na chini ya mstari wangu mhadhiri alikuwa ameandika neno moja tu na alama ya kuuliza.

Chakula?

Nilikasirika. Niliona mtu wa bara ananifundisha maneno ya nyumbani kwetu. Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye begi, na sikuitazama tena mpaka nilipofika Lamu.

Sasa tazama alichokuwa ananiuliza. Sisi hatusemi takula. Hakuna mtu Lamu, wala Shela, wala Matondoni, anayesema takula. Twasema chakula, chombo, chumba, chuma, kama watu wengine wote. Mimi mwenyewe asubuhi ya siku ya jaribio nilisema "twende tukale chakula" kwa mwenzangu wa chumba, kisha saa mbili baadaye nikaandika kanuni inayosema kwamba neno hilo haliwezi kuwako kinywani mwangu. Miaka ishirini nimelitamka na sikuwahi kulisikia.

Na sababu yenyewe ni nzuri mno. Kuna ch mbili. Ile ya macho na mchele ni konsonanti ya asili ya mzizi, na hiyo ndiyo ambayo kwetu ni t. Ile ya chakula imezaliwa baadaye: ni ki- ya ngeli imekutana na irabu, ki na a, ikawa cha. Ndiyo maana wingi wake ni vyakula, vyombo, vyumba, vyuma. Ukiona vy- katika wingi, jua ch hiyo ni ki- iliyobadilika, na Kiamu hakiigusi. Kiswahili sanifu kimezichanganya ch hizi mbili zikawa sauti moja. Kiamu kinazitenga mpaka leo. Yaani kile nilichokuwa nikikatiwa darasa la tatu kama makosa kimehifadhi tofauti ambayo lugha ya vitabu imeipoteza. Nilikuwa na hazina hiyo mkononi, nikaiandikia kanuni ya mstari mmoja, tena kanuni yenyewe ya uongo.

Mtihani wa mwisho ulikuwa vivyo hivyo. Swali la kwanza, la lazima, lenye alama 30, liliuliza kuhusu mpumuo. Wasomaji wa pwani mtanielewa haraka. Paa la nyumba na p'aa wa mwituni si neno moja. Kaa la moto na k'aa wa baharini si neno moja. Tembo la mnazi na t'embo mwenye mkonga si neno moja. La pili katika kila jozi hutoka na pumzi. Katika maandishi ya kawaida pumzi hiyo haionekani, na Waswahili wengi wa bara hawaitamki, lakini nyumbani kwetu haikosekani. Niliandika jozi za maneno ukurasa mzima. Niliandika kwa furaha. Kisha swali likaendelea: eleza chanzo cha mpumuo huu. Hapo kalamu ikasimama. Niliandika kwamba ni sifa ya lahaja za kaskazini. Hiyo haielezi chanzo. Ni kusema tu kwamba watu fulani husema hivi kwa sababu ndivyo wasemavyo.

Tulipotoka ukumbini mwenzangu wa chumba, ambaye kwao ni Bungoma na mpumuo huo haumo kabisa katika Kiswahili alichokulia, alinieleza jibu lake tukitembea kurudi hosteli. Alichukua kijiti akaandika mchangani: ubavu, mbavu. Ulimi, ndimi. Kisha: upande, pande. Ukuta, kuta. Akaniuliza, "Wingi wa ubavu una m mbele. Wa ulimi una n. Wa upande na ukuta m na n zimekwenda wapi?" Nikasema hazipo. Akasema, "Zilikuwapo. Zimedondoka mbele ya p, t na k, zikaacha pumzi. Sema kuta kwa sauti yako ya nyumbani." Nikasema. K'uta. Pumzi ikatoka. "Ndiyo hiyo," akasema. P'aa wa mwituni yumo katika ngeli iliyokuwa na nazali, sauti ya puani kama m au n, mbele. Paa la nyumba, mapaa, halikuwa nayo. Ndiyo yote.

Yeye alipata 71. Alistahili, na hata zaidi. Alijifunza sauti asizokuwa nazo kwa kusoma, na kwa kunisikiliza mimi. Jioni nyingi aliniomba nimsomee maneno akayarekodi kwenye simu. Nilimsomea nikiona kwamba mimi ndiye ninayefundisha.

Juzi nilifungua daftari langu la muhula. Liko pale, hati yangu mwenyewe, kalamu ya buluu: "nazali hudondoshwa kabla ya kipasuo kisichoghuna na kuacha mpumuo." Nilikuwa nimeliandika likisemwa, nikageuza ukurasa.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilimfanyia bibi jaribio. Nilikata kipande chembamba cha karatasi, nikakiinua mbele ya midomo yake, nikamwomba aseme paa, lile la makuti. Karatasi ikatulia. Nikamwomba aseme p'aa, mnyama. Karatasi ikaruka. Tukarudia kaa na k'aa. Ikatulia, ikaruka. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mtoto, akanitazama kwa jicho kali.

"Waniteka?" Yaani, wanicheka?

"La, bibi, sikuteki. Naangalia pumzi."

"Pumzi yangu ina nini?"

Nikamweleza. Sijui kama nilieleza vizuri, maana kumweleza mtu jambo analolifanya tangu azaliwe ni kazi ngumu kuliko mtihani wowote. Nilimwambia kwamba zamani sana palikuwa na sauti mbele ya yale maneno, imekufa, na pumzi yake ndiyo iliyobaki. Alinyamaza. Akaichukua ile karatasi, akaiweka mbele ya midomo yake mwenyewe, akasema maneno yote manne polepole, akitazama chini ya miwani. Kisha akauliza, "Na walioisema hiyo sauti, Mungu awarehemu, walikuwa wapi?" Sikuweza kumjibu. Muhula wote sikuwa nimelifikiria swali hilo kwa namna hiyo, kwamba ile nazali ilikuwa vinywani mwa watu.

Ya Ushairi, 74, nitaipitia kwa haraka kwa sababu haikunigharimu. Bibi anao Utendi wa Mwana Kupona moyoni, ule uliotungwa mwaka 1858 na mama kwa ajili ya bintiye, na mimi nilijua kwamba kipande cha utendi kina mizani nane kabla sijajua neno mizani. Nilijua kwa kupigapiga kidole gotini. Nimefurahi kupata A, lakini nikiulizwa muhula huu nimejifunza nini, sitaitaja.

Nitaitaja ya Takwimu. 51 inaonekana ndogo, na ndiyo ndogo kuliko zote, lakini jaribio la kwanza nilipata 9 kwa 30. Nilikaa mbele ya swali la mchepuko wastani, yaani namna tarakimu zinavyotawanyika mbali na wastani, nikaona tarakimu tu, hazina maana yoyote. Kwa juma tatu nilikuwa naamka kabla ya alfajiri, nafanya maswali matano, naswali, nafanya mengine matano. Nilikuja kuelewa siku moja nilipoacha kutumia mifano ya kitabu nikatumia mapato ya baba. Kuna mwezi mteja mmoja analipia mlango mzima na kuna miezi mitatu anatengeneza viti vya watu kwa pesa ndogo. Ukitafuta wastani, utasema baba ana kipato kizuri. Ule mchepuko ndio unaoeleza kwa nini mama huweka unga wa akiba. Jaribio la pili nikapata 17, wastani wa majaribio mawili ukawa 13, na mtihani 38 kwa 70. Sikuwahi kuifanyia kazi alama yoyote kama ile. Baba nilipomweleza mfano wenyewe hakucheka, alisema, "Basi hesabu hiyo ni ya kweli."

Lililobaki ni lile pengo. Historia ya Afrika Mashariki nilifanya majaribio yote mawili, nikafanya na mtihani, nikatia sahihi kwenye orodha. Alama hazionekani. Hili limewapata wengi kabla yangu, na wakubwa zetu chuoni hutuonya tangu siku ya kwanza: kadi ya mtihani usiitupe. Sikuitupa. Iko ndani ya msahafu wangu wa juzuu, imenyooka. Lakini kadi haijibu simu, na idara haijibu barua pepe, na mtu wa Lamu hawezi kusema atapita ofisini kesho. Ni boti mpaka Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, Malindi na kuendelea, siku nzima ya safari na nauli ya kwenda na kurudi. Kwa mwenye kukaa karibu na chuo, alama iliyopotea ni usumbufu wa asubuhi moja. Kwangu ni mlango wa baba anaopaswa kumaliza kuchonga kabla ya wakati. Inaniuma, na inaniuma zaidi kwa sababu Historia hiyo niliijua vizuri. Naondoka Jumatatu. Nikifika nitaisimamia mpaka ionekane, na siku hiyo hiyo nitajiandikisha kwa yuniti ya Lahaja za Kiswahili ya mwaka wa tatu. Si ya lazima. Wenzangu wengi wanaikimbia kwa sababu husemwa haitoi A.

Kwa sasa kusi linavuma, bahari ni chafu, na mashua nyingi zimefungwa. Niko nyumbani na daftari jipya. Nimeligawa kurasa mbili mbili. Upande wa kulia naandika maneno ambayo ch yake kwetu ni t: fita, teza, teka, mtuzi. Upande wa kushoto yale ambayo ch haibadiliki, na wingi wake mbele: cheo, vyeo, chanda, vyanda. Bibi ameshaelewa ninachokitafuta na amekuwa mkali kuliko mhadhiri. Nikiweka neno bila kumuuliza huniita nilisome tena.

Jana magharibi alikuwa jikoni na mama, anakoroga uji, mimi niko juu napanga nguo za safari. Nikamsikia ananiita kwa jina langu lote.

"Ndoo hapa na hilo daftari lako!"

Nikateremka. Alikuwa ameinua mwiko, anaonyesha kile kilichokuwa motoni.

"Hiki chaitwaje?"

"Chungu, bibi."

"Wingi wake?"

"Vyungu."

"Haya. Na mtu akifiwa, moyoni mwake muna nini?"

Nilifungua kinywa kusema uchungu, kama ninavyoandika kila siku. Kikatoka chenyewe, kama kitokavyo nyumbani.

"Utungu."

"Basi," akasema, akageukia uji wake. "Andika kila kimoja upande wake."